Kuku wa Bwana Zablon

Mwezi uliopita niliitwa Njiru, hapa Nairobi, kwenye semina. Siku hizi naitwa sana, na sijifichi, napenda kuitwa. Walinitumia gari, wakanipa chupa ya maji na kikaratasi chenye jina langu cha kubandika kifuani, utadhani naweza kusahau mimi ni nani. Ukumbi ulikuwa wa kanisa, viti vya plastiki, vijana wamejaa, wengine wametoka Dandora, wengine wa hapo hapo, wote wanataka kujifunza kazi ambayo nimeifanya zaidi ya nusu ya maisha yangu: kukaa na watu wa mtaa mpaka wajue wana nguvu. Na kwenye kiti cha mbele, fimbo katikati ya magoti, mvi kichwa kizima, nikamwona Jerusa. Yeye ndiye aliyenifundisha, na tulikuwa hatujaonana miaka mingi. Nilipiga ukelele mpaka mchungaji akatoka ofisini kuangalia nani amekufa. Tulishikana, tukayumba, fimbo ikaanguka. "Umenenepa," akaniambia. "Na wewe umekauka," nikamwambia. Hayo ndiyo maamkizi yetu tangu zamani.

Kijana mmoja mwenye nywele za kusokotwa, wa umri wa mjukuu wangu, akainua mkono. "Shosho, hii kazi ya uongozi ulisomea wapi?" Nikamwambia mimi niliacha shule darasa la tatu, na mwandiko wa kuunganisha herufi hunishinda mpaka leo. Akaandika hilo kwenye daftari lake kama jambo la maana sana. Nilipewa dakika kumi za kueleza, na dakika kumi hazinitoshi hata kusalimia watu, kwa hivyo nilieleza nusu, tukaitwa kwenye wali. Hii hapa ni ile nusu nyingine, na ile ya kwanza nimeirudia kwa sababu niliiharibu kwa haraka.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka ishirini na sita, Nekesa wangu anatambaa, na mwingine yuko tumboni. Tulikaa kwenye nyumba za zamani si mbali na Makongeni, zile za safu, tukiziita laini. Kila familia chumba kimoja. Laini yetu ilikuwa ya mwisho, na ukuta wake ulikuwa mwembamba hivi kwamba jirani yangu Mama Rispa akikwangua sufuria ya ugali nilijua kama ameunguza. Mwisho wa laini kulikuwa na vyoo vinne, milango ya mabati, vya watu wote. Masika bomba likapasuka. Msimamizi wa nyumba, Bwana Zablon, akaja na kufuli nne mpya zinang'aa, akafunga milango yote, akasema mafundi watakuja baada ya wiki mbili. Masika yakaisha. Baridi ikaja, ikaisha. Kufuli zikashika kutu. Mafundi hata kuchungulia hawakuchungulia.

Sasa mtu atauliza, mlikuwa mnaenda wapi? Tulikuwa tunavuka uwanja mpaka laini ya kati, kuomba. Wenyewe wako kwenye foleni yao asubuhi, kila mtu na kopo lake la maji, halafu sisi tunatokea na leso zetu kichwani. "Wageni wa laini ya mwisho wamefika!" wanapiga kelele. "Mmekula nini jana, jamani?" Unacheka nao kwa sababu utafanya nini, choo ni chao. Wakimaliza wao ndiyo unaingia wewe. Na mwenye mimba ya miezi sita hana subira ya namna hiyo. Wajukuu zangu leo wana choo ndani ya nyumba, tena viwili, na bado wanagombana. Nikiwasikia nanyamaza, nafurahi tu kwamba hawajui wanachokigombania.

Jerusa alikuja Jumanne mchana nikichambua majani ya kunde mlangoni. Msichana mwembamba, ndala, mfuko wa kitambaa. Nilidhani anauza sabuni, au ni wa kanisa jipya. Nikampa stuli, nikabaki nimekaa chini. Akasema anatoka shirika dogo linalosaidia watu wa mitaa.

"Mtatutengenezea choo?" nikamwuliza.

"Hapana."

"Mtaleta fundi?"

"Hapana, mama."

"Sasa umekuja kufanya nini?"

"Kuuliza watu."

"Haya uliza," nikasema, "lakini mikono isikae bure." Akavuta sinia, akaanza kuchambua kunde, na alijua kuchambua, anatoa ule uzi wa shina vizuri kabisa. Hapo ndipo aliponipata. Mtu wa ofisi anayejua kuchambua kunde ni mtu wa kusikilizwa. Nikapika, akala na sisi, ugali na kunde za maziwa, akaomba kuongezwa. Alipomaliza kunawa akanipa kazi. Niende kwa majirani zangu, nyumba moja moja, niulize ni jambo gani la mtaa huu linalowaumiza, halafu ninyamaze.

Kuuliza niliweza. Kunyamaza ndiko kulikonishinda. Kwa Mama Rispa nilikaa mpaka chai ikaisha kwenye birika, nikatoka hapo yeye anajua habari zangu zote, mgongo wangu, ndoto zangu, mama mkwe wangu, na mimi sijui hata moja yake. Jerusa akaniuliza, "Alisemaje?" Nikajibu, "Alisema ninywe chai." Akanitazama. Siku ya pili akanipa peremende kubwa, zile ngumu za mistari. "Weka mdomoni ukishauliza. Usitafune. Ikiisha ndiyo uongee." Nilimwona mtu wa dharau. Lakini nilijaribu. Na ninawaambia, watu hawapendi kimya. Ukinyamaza mbele ya mtu, atakijaza mwenyewe, na kile atakachokijaza nacho ndicho kilichokuwa kinamchoma.

Kwa njia hiyo ndiyo nikajua habari ya Mama Selina. Mama Selina alikuwa mkubwa wetu katika laini, mjane wa Kimaragoli, anafuga kuku ndani ya chumba, wanalala kwenye katoni chini ya kitanda chake. Kila asubuhi tulikuwa tunamwona anatoka na kitabu cha nyimbo mkononi anaelekea kanisani, mbali kule ng'ambo ya barabara, tukasema huyu mama anampenda Mungu. Siku ile nimekaa kitandani kwake, peremende mdomoni, kuku wananidonoa kisigino, akatazama mlango kama umefungwa sawasawa.

"Mama Nekesa, mimi siendi kuomba."

Nikanyamaza. Sikuwa na njia nyingine.

"Naenda choo cha kanisa. Mkwe wangu anakaa laini ya kati. Yule aliyemwoa Selina. Unataka nipange foleni nyuma ya mkwe wangu, nimeshika kopo? Anipishe, aseme tangulia mama? Afadhali nife."

Kwetu sisi watu wa magharibi ya Kenya jambo hilo si mchezo. Mkwe wako wa kiume hupaswi hata kukutana naye kwenye kijia chembamba, mmoja ataingia kichakani. Huwezi kula naye sahani moja wala kukaa kitanda anacholalia. Choo ndiyo usiseme. Mama mzima, miguu imevimba, anavuka barabara ya magari kila asubuhi, na kitabu cha nyimbo cha kudanganyia watu. Peremende iliisha. Nilitoka pale na hasira ambayo sikuwa nayo nilipoingia. Kabla ya hapo choo kilikuwa shida yangu. Nilipomaliza zile nyumba, kilikuwa chetu, na kila mmoja alikuwa ameficha lake akidhani ni yeye peke yake.

Tukaanza kukutana kwa Mama Selina, Alhamisi mchana, watoto migongoni. Wengine kitandani, wengine kwenye mkeka, Jerusa anakaa mlangoni kama mtu anayetaka kuondoka. Tukakubaliana tumwite Bwana Zablon aje mwenyewe, atuone usoni. Na hapo ndipo tulipofanya kosa, na lilikuwa kosa la watu wazuri waliolelewa vizuri. Mgeni mkubwa anakuja. Mgeni mkubwa wa nini? Wa kuku! Hakuna hata aliyeuliza. Hoja ilikuwa ni kuku gani na nani atapika ugali wa wimbi. Bwana Zablon mwenyewe ni mtu wa kwetu, atajua tumemheshimu. Jerusa alikuwa pale, akasikia yote, akatazama kucha zake.

Jumamosi akaja. Mtu mnene, koti la kijivu, sauti tamu, mpole kushinda mchungaji. Nilikuwa nimejiandaa kwa mkali, nikakutana na huyu anayeuliza watoto majina. Tulimnawisha mikono. Tulimwekea ugali umesimama kama mlima, na kuku amelala kwenye mchuzi, na firigisi juu kabisa, mbele yake, kwa sababu firigisi ni ya mkuu wa meza na hakuna mwingine anayeigusa. Akaiinua kwa vidole viwili, akaitazama, akasema, "Mama zangu, mmenijua." Tukapiga vigelegele. Akala. Akasema alipokuwa mdogo mama yake alikuwa anapika hivi hivi. Mama Rispa akafuta machozi. Akasema ile habari ya vyoo inamnyima raha, ataisukuma kule juu kwa wakubwa, tumwombee. Tukamwombea! Tulisimama, tukashikana mikono, Mama Selina akaomba kwa nguvu Mungu amfungulie Bwana Zablon milango yote. Milango yake, siyo yetu. Akaondoka na paja lililobaki limefungwa kwenye gazeti.

Tukarudi ndani tunacheka, tunakusanya sahani. Mama Rispa anaigiza alivyoshika firigisi. Jerusa bado yuko pale mlangoni.

"Amesema vitafunguliwa lini?" akauliza.

"Amesema atasukuma," nikajibu.

"Siku gani?"

Tukatazamana. Chini ya kitanda kuku mmoja akakohoa kama mtu.

"Na sasa," Mama Selina akasema polepole, akikaa kitandani, "mtu ameshakula firigisi yako. Utaenda kumgombeza? Utamfuata ofisini na domo? Ameshakuwa wa nyumbani huyo."

Hapo nikamgeukia Jerusa. Nilimwambia maneno ambayo nikikumbuka natamani ningekuwa na peremende. "Wewe ulijua! Uliona tunachinja, ukanyamaza! Umesoma, unalipwa kwa kazi hii, umekaa hapo mlangoni kama mwashi anayeangalia nyumba ikianguka!" Nekesa akaanza kulia mgongoni. Jerusa hakupandisha sauti. "Ningesema mimi," akasema, "ungekuwa mkutano wangu. Wiki ijayo mngeningoja niseme tena. Mama Nekesa, mimi sikai laini hii." Akachukua mfuko wake akaenda. Nilimchukia siku tatu nzima, na mimi ni mtu ambaye nikichukia napika vibaya, basi nyumba yangu ilikula ugali mbichi siku tatu.

Nimewafundisha wengi tangu hapo, na kila kundi lina mmoja anayeniuliza kwa nini sikuwaonya. Wananiangalia vile vile nilivyomwangalia Jerusa. Najua kinachowachoma, na nawaacha wachomeke kidogo, si sana. Kunyamaza kwa mtu asiyejua na kunyamaza kwa mtu anayejua ni kazi mbili, na hii ya pili ni nzito kuliko kubeba maji.

Wiki zikapita. Bwana Zablon tukikutana naye ananipungia mkono kwa furaha, "Mama Nekesa! Nasukuma!" Na tumbo langu nalo linasukuma. Asubuhi moja ya manyunyu nikateleza pale uwanjani, katikati ya njia, nikakaa chini pwaa, kopo likaenda huku, ndala ikaenda kule. Wanawake wa laini ya kati waliacha foleni yao wakaja kunibeba, na siku hiyo hakuna aliyetania. Sikuumia, lakini mtoto alinyamaza tumboni mpaka saa nne ndipo akapiga teke, na katika saa zile nilizeeka. Jioni mume wangu, Baba Nekesa, hakula. Alikuwa mtu wa maneno machache, mfanyakazi wa kiwanda cha mifuko. Akasema, "Mwezi ukiisha kabla choo hakijafunguliwa, nakupeleka nyumbani kwa mama ukazalie huko. Utakaa mpaka mtoto atembee."

Sikutaka kwenda. Siyo kwamba nyumbani ni kubaya. Lakini nilikuwa nimeanza kitu. Watu walikuwa wananigongea mlango kuniuliza, Mama Nekesa, tunafanyaje? Maishani mwangu hakuna aliyewahi kuniuliza tunafanyaje. Waliniuliza chakula kimeiva. Na nilijua nikipanda basi la kwenda nyumbani na tumbo lile, nitarudi baada ya mwaka na nusu, kufuli ziko pale pale, na mimi nimerudi kuwa wa kuulizwa chakula. Nikamwambia Baba Nekesa, "Sawa. Mwezi ukiisha." Na alfajiri nikamtuma Mama Rispa akamwite Jerusa.

Alikuja kama hakuna kilichotokea. Hakuniambia pole, wala mimi sikumwambia samahani, tukachambua sukuma wiki. Akauliza, "Bwana Zablon aliwashinda wapi?" Tukafikiri. Mama Rispa akasema, "Kwenye utamu." Basi Jerusa akasema mmoja wetu awe Bwana Zablon, wengine wajifunze kumshinda, hapo hapo chumbani. Wote wakanitazama. Mimi tangu zamani naiga watu, ni dhambi yangu. Nikavaa koti la Baba Nekesa. Tumbo nilikuwa nalo tayari.

"Mama zangu," nikaanza, kwa ile sauti ya asali, "hata mimi nimezaliwa na mama."

"Ooh," Mama Rispa akasema, mkono kifuani. "Asante, Bwana Zablon."

"Rispa! Ni mimi!"

"Najua ni wewe! Lakini anasema vizuri!"

Tulicheka mpaka Mama Selina akaomba tumwachie kitanda alale. Lakini tulirudia. Alhamisi mbili tulirudia. Nilikuwa namtoroka kila mmoja: nikiulizwa siku nasema wakubwa, nikiulizwa wakubwa nasema maombi. Na kwa kuvaa lile koti nikaijua njia yake yote ya kutorokea, mahali anapogeukia, mahali anaposifu chakula ili swali lipoe. Kwa sababu hiyo wakasema siku ya siku atakayeongea ni mimi. Nilikataa. Nikasema achaguliwe aliyesoma, kuna mke wa karani pale nyumba ya tatu. Mama Selina akasema, "Aliyesoma hajawahi kuwa Zablon."

Kilichobaki ni kuku. Huwezi kumwita mtu wa magharibi aje mara ya pili halafu umpe maji matupu, ni kama kumfukuza. Na ukimpa, umejifunga mdomo. Tulikaa na jambo hilo mchana mzima. Jerusa mlangoni, kimya, kucha zake. Ni Mama Selina aliyelipata, akiwa ameinama kutoa jogoo wake mwekundu chini ya kitanda. Akamshika miguu, akamtazama. "Apewe," akasema. "Lakini apewe jogoo akiwa hai, hapa, amwone. Aambiwe huyu ni wako, na siku yake ya kuchinjwa utataja wewe mwenyewe."

Bwana Zablon alikuja Jumamosi iliyofuata, tena saa ya chakula, koti la kijivu, anatabasamu tangu uwanjani. Chumba kimejaa. Akakaa. Akanusa. Hakuna jiko lililowashwa. Kwenye mguu wa kitanda, amefungwa kwa kipande cha leso, amesimama jogoo. Nikamletea uji kikombe kimoja.

"Mama Nekesa," akasema, anacheka kidogo, "leo hamna kuku?"

"Yuko, Bwana Zablon. Ndiye huyo anakutazama."

Akageuka. Jogoo akainamisha kichwa upande mmoja, vile wanavyofanya.

"Ni wako," nikasema. "Firigisi yake ni yako, hakuna atakayeigusa. Tutamchinja siku milango yetu itakapofunguliwa. Wewe tuambie ni siku gani, tuanze kumnonesha."

Bwana Zablon akasema mama zangu, hata mimi nimezaliwa na mama, na Mama Rispa, Mungu ambariki, akasema, "Tunajua. Siku gani?" Akasema mambo yako kwa wakubwa. Mke wa karani akauliza, "Mkubwa gani, tumwalike na yeye? Tuna jogoo wawili." Akasema uji huu ni mtamu sana. Hakuna aliyejibu. Wanawake kumi na wawili walikaa kimya, na mimi nikakaa kimya, na kimya kile kilikuwa kizito kama blanketi lililoloa. Akamtazama jogoo. Akatutazama. Akamwona Jerusa mlangoni, akamwendea kwa macho, akitaka mtu wa ofisi mwenzake amwokoe, na Jerusa akamwonyesha mimi kwa kidevu.

Halafu akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Alicheka. Kicheko cha kweli, tumbo lote likicheka, mpaka uji ukamwagika. "Haki ya Mungu," akasema, "mama yangu angefanya hivi hivi." Akaomba kalamu. Mke wa karani akatoa daftari la mtoto wa shule, Bwana Zablon akaandika. Akanipa nisome. Ule mwandiko ulikuwa wa kuunganisha, nikaona minyoo tu. Zamani ningetikisa kichwa kama nimesoma. Siku hiyo nikamrudishia. "Tusomee wewe, Bwana Zablon, wote wasikie." Akasoma kwamba vyoo vitafunguliwa Ijumaa ya mwisho ya mwezi, baada ya matengenezo. Mama Selina akainua kidole. "Matengenezo yanaanza lini?" Akashika kalamu tena, akaandika Jumatano. "Na ufunguo utakaa na nani?" nikauliza. Akasita hapo. Ufunguo ulikuwa ndiyo ukubwa wake. Akasema ofisini. Nikasema, "Ofisi inafungwa saa kumi, Bwana Zablon. Sisi hatufungwi saa kumi." Chumba kikalipuka kwa kicheko. Akaandika: ufunguo kwa wamama wa laini. Akatia sahihi, daftari likiwa juu ya goti lake.

Jumatano mafundi wawili wakaja na mabomba mapya begani. Alhamisi tuliwapikia maharagwe. Ijumaa asubuhi Bwana Zablon akafika na funguo zimeungwa kwa waya, na jogoo akawa sufuriani tayari, tukitimiza ahadi yetu kwa upande wetu. Kufuli tatu zilifunguka. Ya nne ilikataa kwa kutu, ikapigwa nyundo na mwenyewe Bwana Zablon, koti amelivua, na watoto wanahesabu kila pigo. Baba Nekesa alikuwa amechelewa kwenda kazini makusudi. Alisimama pembeni akatazama mlango ukifunguka, akanitazama, akasema tu, "Basi utazalia Nairobi," akaenda zake kiwandani.

"Mwenye mzigo aingie kwanza!" Mama Rispa akapiga kelele, wakanisukuma wote kwa mikono kama wanasukuma gari. Nikaingia, nikafunga komeo. Ndani kulinuka saruji mbichi. Nilimaliza haja yangu upesi, lakini sikutoka. Nilikaa pale kwa ajili ya kukaa, mgongo ukutani, mkono tumboni, mlango umefungwa na mimi mwenyewe.

Nje wakaanza kubishana. Nani atakaa na ufunguo? Mke wa karani anataka zamu, kila nyumba wiki moja. Mama Rispa anasema zamu ianze upande wa chini. Mwingine anauliza wa kufagia je, na watoto wanaochafua ukuta je, na wa laini ya kati wakija kuomba maji tuwanyime? "Tusiwanyime," Mama Selina akasema, "walimbeba Mama Nekesa." Wakapandisha sauti, wakashusha. Kila swali nilikuwa na jibu lake, tena jibu zuri kuliko lao. Mara mbili nilifungua mdomo. Nikangoja mtu aseme, hebu ngojeni, Mama Nekesa anasemaje? Hakuna aliyesema. Walikuwa wameshafika kwenye nyumba ya nne, wanapanga, wanaelewana, na jina langu halijatajwa. Nilisikia wivu, nisidanganye, wivu mkali kama wa mke mwenza. Halafu ukapita, nikaanza kucheka peke yangu kimyakimya humo ndani, mtoto naye akirukaruka.

"Mama Nekesa!" wakagonga bati. "Umelala humo?"

"Endeleeni," nikawaambia. "Mnaendelea vizuri."